Friji ya Ndevelwa

Tulipohama Isevya, Kalunde alikataa kuiuza friji.
"Umeme utakuja," alisema,
akaifunga kwa khanga mbili na kamba ya katani
kama maiti anayesafirishwa kwao.

Lori lilituacha kwenye ekari nne za mitundu na vichuguu,
nyumba bado inanuka saruji mbichi,
na kijana wa lori, akihesabu noti zake, akauliza
tumekosana na nani mjini.

Hatujakosana na mtu.
Miaka thelathini na moja niliandika mizigo stesheni:
tumbaku, chumvi, asali kwenye madebe,
baiskeli za watu wasiofika kuzichukua.
Kila kitu kilipita mikononi mwangu kikienda kwingine.
Nilitaka, kabla sijafa, kitu kisichoenda popote.

Basi nikakipata. Mchwa.
Wiki ya kwanza walikula mguu wa sofa,
ya pili, vyeti vyangu hadi kwenye muhuri.
Usiku mkono ulipapasa ukuta kutafuta swichi,
ukamgusa mjusi, naye akashtuka kuliko mimi.
Nyenje. Fisi upande wa mbuga.
Bati likijikuna baada ya joto la Oktoba.
Nikakosa usingizi kwa kuukosa muziki wa baa
niliyoishtaki mara tatu kwa mtendaji.

Nguzo za umeme zilifika zahanati, zikasimama pale
kama watu waliosahau walichotumwa.

Februari alikuja jirani yetu, Tungu,
na ungo wa michembe na macho ya kukagua.
Alitazama mahindi yangu, niliyoyapanda kwa kamba,
yamenyooka kama reli ya Mpanda.
Hakucheka. "Mstari mzuri," alisema.
Ngedere nao waliupenda mstari:
walianzia mwanzo, wakaenda kwa zamu,
hawakuruka shina.

Tulivuna debe moja na nusu.
Kalunde alilia jikoni, akasema ni moshi.
Nilitaka kumwambia turudi,
nikaona neno hilo analisubiri, apate kulikataa.

Ndipo Tungu aliporudi na kibuyu cha mbegu za karanga.
Panya walimaliza za mwaka jana.
Akaigonga friji kwa kidole:
"Hiki kinafungika?"

Kinafungika. Mpira wake bado unabana.

Siku hizi imesimama sebuleni, haina baridi,
na rafu ya juu ni karanga za Tungu,
ya kati choroko za Msanzya na kunde za mkwewe,
na kwenye droo ya nyama
mbegu za maboga za bibi mmoja wa ng'ambo ya mto
ambaye sijawahi kumtia machoni.
Kila kifurushi nakiandika: jina, uzito, tarehe.
Mkono haujasahau.
Ila mizigo hii wenyewe huja kuiulizia,
na wakija hukaa, na wakikaa chai huisha.

Mwezi uliopita nilikwenda mjini kufuata pensheni.
Kasanda, tuliyefanya naye kazi dirisha moja,
akanimiminia kikombe cha pili. Nikatazama jua.
"Una mgonjwa nyumbani?"
"Nina kuku," nikamjibu, nimeshasimama.

Kuna usiku upepo unaleta honi ya treni.
"Ya Kigoma hiyo, au ya Mwanza?" Kalunde huuliza gizani.
Zamani ningeitambua kwa mlio tu.
Sasa nasema yoyote inayonijia mdomoni,
naye anajua, na haniumbui.

Jana mafundi wamepita na rangi nyekundu,
wakatia alama kwenye mtundu wa njia panda.
Kufikia sikukuu, wamesema, mtawasha taa.
Kalunde amewapa maji, amewashukuru,
ameingia ndani, akasimama mbele ya friji
kiganja juu ya mlango.

"Sasa mbegu za watu," ameniuliza,
"tutaziweka wapi?"